Hati Zilizobaki Mezani

SEHEMU YA KWANZA
Swali la Rais

Desemba ya mwaka 1800 ilimkuta Rais John Adams wa Marekani na misiba miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mtoto. Charles, mwanawe wa pili wa kiume, alifariki New York tarehe 30 Novemba akiwa na miaka 30, baada ya pombe kumharibia kazi, ndoa na mwili. Wa pili ulikuwa wa kura.

Wajumbe wa uchaguzi walimpa Adams kura 65. Thomas Jefferson, Makamu wake wa Rais na mpinzani wake mkubwa, alipata 73. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na dhuluma: Katiba iliwahesabu watumwa watano kuwa watu watatu wakati wa kugawa wajumbe kwa majimbo, ilhali mtumwa mwenyewe hakuruhusiwa kupiga kura. Majimbo ya Kusini yaliyomuunga mkono Jefferson yalivuna wajumbe wa ziada kwa migongo ya watu waliokuwa wakinunuliwa na kuuzwa.

Adams alikuwa akiishi katika Ikulu mpya ya Washington, ambayo alihamia tarehe 1 Novemba. Vyumba vingi havikuwa vimekamilika, na mkewe, Bi Abigail, alikuwa akianika nguo katika ukumbi mkubwa uliokusudiwa kupokelea wageni. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi wapatao 3,000 na barabara za tope. Jengo la Bunge lilikuwa limesimama upande mmoja tu, na miongoni mwa waliochonga mawe yake na kufyatua matofali yake walikuwamo watumwa.

Lakini kushindwa si kuondoka. Kwa utaratibu wa wakati ule, rais mpya aliapishwa tarehe 4 Machi. Adams alikuwa na karibu miezi mitatu ya kukaa Ikulu akiwa na mamlaka kamili: kusaini sheria, kuteua, kufukuza. Chama chake, Wafederali, kilikuwa kimepoteza urais, na Bunge jipya nalo lilikuwa limekwenda kwa wafuasi wa Jefferson, Warepublikani wa zama zile, ambao si chama cha leo chenye jina hilo. Kulibaki mhimili mmoja tu ambao kura haikuufikia: Mahakama. Rais huja na kuondoka kwa muhula, ila jaji wa shirikisho, kwa maneno ya Katiba, hushika kiti maadamu ana mwenendo mwema. Ukimweka leo akiwa na miaka 40, anaweza kuwa bado yuko pale wakati wajukuu zako wanapiga kura.

Katikati ya Desemba ikafika barua kutoka Ufaransa. Jaji Mkuu Oliver Ellsworth, aliyekuwa ametumwa huko kumaliza mgogoro wa nchi hizo mbili, aliandika kwamba afya yake imevunjika na anajiuzulu. Kiti cha juu kabisa cha Mahakama ya Juu kikawa wazi mikononi mwa rais anayefunga mizigo.

Adams alimteua John Jay, Gavana wa New York, ambaye alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa taifa hilo kuanzia mwaka 1789. Hakumuuliza kwanza. Seneti ikamthibitisha, na watu wakangoja. Mnamo Januari jibu la Jay likafika: hataki. Aliandika kwamba mahakama hiyo haina nguvu, uzito wala heshima inayostahili, na kwamba afya yake haimruhusu. Alijua alilolisema. Majaji wa siku hizo walitumia sehemu kubwa ya mwaka wakizunguka mikoani juu ya farasi, kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, kusikiliza kesi.

Sasa muda ulikuwa unakwisha. Bungeni kulikuwa na muswada wa kupunguza idadi ya majaji wa Mahakama ya Juu kutoka sita hadi watano. Ukipita kabla kiti cha Ellsworth hakijajazwa, kiti hicho kingeweza kutoweka. Kikibaki wazi hadi Machi, Jefferson angekijaza.

Aliyeipeleka barua ya Jay kwa Rais alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, John Marshall, mwenyeji wa Virginia, mwenye umri wa miaka 45. Alikuwa askari katika vita vya uhuru, akavumilia baridi na njaa ya kambi ya Valley Forge, kisha akawa wakili. Alikuwa pia ndugu wa mbali wa Jefferson kwa upande wa akina Randolph, lakini undugu huo haukuwa na upendo hata chembe.

Adams aliisoma barua. Akafikiri. Kisha akamuuliza Marshall amteue nani sasa.

Marshall akajibu kwamba hajui. Alikuwa amekwisha kumpendekeza Jaji William Paterson, na Rais alikuwa amekataa. Adams akarudia kwa sauti ya mtu aliyekata shauri kwamba huyo hatamteua.

Chumba kikatulia kidogo. Adams akamtazama mtu aliyesimama mbele yake na barua za wengine, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kisha akatamka jina ambalo Marshall hakuwahi hata siku moja kulisikia likihusishwa na kiti hicho.

SEHEMU YA PILI
Siku Kumi na Tano

"Naona itanibidi nikuteue wewe."

Marshall aliandika miaka mingi baadaye kwamba alishangaa, akafurahi, akainamisha kichwa bila kusema neno. Kesho yake, tarehe 20 Januari 1801, jina lake lilikuwa Seneti. Tarehe 27 akathibitishwa, na tarehe 4 Februari akala kiapo. Adams alimwomba asiiache Wizara hadi utawala ufike mwisho, naye akakubali. Kwa mwezi mzima, mtu mmoja akawa Jaji Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje kwa pamoja. Msomaji, lishike jambo hili, maana kesi yote itasimama juu yake.

Wakati huo nchi ilikuwa inatetemeka kwa sababu nyingine. Kila mjumbe wa uchaguzi alikuwa na kura mbili, bila kutenganisha ya urais na ya umakamu, na wafuasi wa Jefferson walikuwa wamempa mgombea mwenza wake, Aaron Burr, kura 73 zilezile. Sare. Katiba ililiachia Baraza la Wawakilishi kuamua, kila jimbo kura moja, na mshindi alihitaji majimbo 9 kati ya 16. Kura zilianza tarehe 11 Februari. Jefferson akapata majimbo manane. Wakarudia, manane. Wakarudia usiku kucha, manane. Wafederali, ambao mgombea wao alikuwa amekwisha kushindwa, ndio walioshika ufunguo wa kuamua ni adui yupi aingie Ikulu.

Katikati ya mkwamo huo, tarehe 13 Februari, Adams alisaini Sheria ya Mahakama. Iliunda mahakama za kanda zenye majaji wapya 16, ikawapumzisha majaji wa Mahakama ya Juu safari za farasi, na ikaagiza kwamba kiti cha kwanza kitakachokuwa wazi katika Mahakama ya Juu kisijazwe. Haki isemwe: marekebisho hayo yalihitajika. Jaji mzee kulala njiani kwenye mvua, kisha kusikiliza rufaa dhidi ya hukumu aliyoitoa mwenyewe huko mkoani, halikuwa jambo la busara. Lakini jambo jema likifanywa saa ambayo mwenye nyumba mpya yuko mlangoni, halionekani tena kuwa jema. Warepublikani waliona chama kilichokataliwa na wananchi kikijichimbia handaki mahakamani.

Tarehe 17 Februari, katika mzunguko wa 36 wa kupiga kura, mkwamo ukavunjika. Jefferson akapata majimbo kumi. Adams akabakiwa na siku kumi na tano.

Alizitumia zote. Majina ya majaji 16 wa kanda yakaenda Seneti, Seneti ikayapitisha. Tarehe 27 Februari ikapita sheria nyingine, ya kuupangia mji mkuu mahakama zake. Ilimpa Rais ruhusa ya kuteua mahakimu wadogo kadiri atakavyoona inafaa, wale wa kuamua madai madogo na ugomvi wa jirani na jirani, kila mmoja kwa miaka mitano. Tarehe 2 Machi Adams akapeleka majina 42: 23 wa upande wa Washington, 19 wa upande wa Alexandria. Ndugu na jamaa nao hawakusahauliwa. William Cranch, mpwa wa Bi Abigail, akapata ujaji wa mahakama ya mji huo, na James Marshall, mdogo wake Jaji Mkuu, akapata kiti katika mahakama hiyohiyo.

Tarehe 3 Machi, siku ya mwisho kamili ya utawala, Seneti iliwathibitisha wale 42. Jioni Adams akaketi kusaini hati zao za uteuzi. Kila hati iliyosainiwa ilipelekwa kwa Marshall, naye akaigonga Muhuri Mkuu wa Marekani. Wapinzani wakawapa walioteuliwa jina ambalo halikufutika: majaji wa usiku wa manane.

Saa kumi alfajiri ya tarehe 4 Machi, kabla ya jogoo wa Washington kuamka, Adams akapanda gari la farasi la abiria kuelekea Baltimore. Hakungoja kumwona mrithi wake akiapa.

Jefferson alitoka katika nyumba ya wageni aliyopanga, akatembea kwa miguu hadi Bungeni. Aliyesimama mbele yake kumwapisha alikuwa yuleyule ndugu asiyempenda, Jaji Mkuu John Marshall.

Na katika ofisi ya Wizara ya Mambo ya Nje kulikuwa na kazi ambayo haikumalizika. Karani mkuu, Jacob Wagner, alikuwa ameitwa kumsaidia Rais kuandika barua. James Marshall alifika kuchukua hati za mahakimu wa Alexandria, kwa kuwa aliambiwa huenda kukawa na fujo mjini humo siku hiyo. Alipoona hawezi kuzibeba zote kwa urahisi, alirudisha kadhaa. Kaka yake hakuona hatari yoyote. Kwa imani yake, hati iliyosainiwa na kugongwa muhuri ilikuwa imekamilika, na kuifikisha kwa mwenyewe ni kazi ya tarishi tu.

Hivyo karatasi zile zikabaki mezani. Na aliyezikuta hakuwa tarishi. Alikuwa Rais Thomas Jefferson.

SEHEMU YA TATU
Shahidi Aliyekaa Kwenye Kiti cha Jaji

Jefferson alisimulia mwenyewe baadaye: alizikuta hati hizo mezani alipoingia madarakani, akakataza zisipelekwe. Kwa maoni yake, hati ambayo haijamfikia mwenyewe bado haijawa uteuzi, na rais mpya hafungwi na mkono wa rais aliyeondoka. Akapunguza idadi ya mahakimu hadi 30, akawabakiza wengi wa wale wa Adams, wengine akawaacha nje.

Mmoja wa walioachwa alikuwa William Marbury, mfanyabiashara na mtu wa benki wa Georgetown, mwenye miaka 38. Uhakimu huo mdogo haukuwa na mshahara wa maana, na Marbury hakuwa na njaa. Lakini alikuwa Mfederali wa kutoka moyoni, na aliamini kwamba kilichozuiliwa ni haki yake. Mnamo Desemba 1801, yeye na wenzake watatu, Dennis Ramsay, Robert Townsend Hooe na William Harper, walimtuma wakili Charles Lee, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali chini ya marais Washington na Adams, mbele ya Mahakama ya Juu. Waliomba amri ya kumlazimisha ofisa wa serikali atimize wajibu wake, ile ambayo mawakili huiita mandamus. Mlalamikiwa alikuwa James Madison, Waziri mpya wa Mambo ya Nje. Wakati hati zilipobaki mezani, Madison hakuwa hata mjini: baba yake alikuwa amefariki siku chache kabla, naye alishika ofisi mwezi Mei.

Mahakama ikamtaka Madison aeleze kwa nini amri hiyo isitolewe. Madison hakujibu, wala hakumtuma mtu wa kujibu kwa niaba yake.

Warepublikani waliiona kesi hiyo kama changamoto ya wazi, wakajibu kwa nguvu. Tarehe 3 Februari 1802 Seneti ilipiga kura ya kufuta Sheria ya Mahakama ya Adams: 16 kwa 15. Baraza la Wawakilishi likafuata, na tarehe 8 Machi Jefferson akasaini. Majaji 16 wa kanda, ambao Katiba iliwaahidi viti maadamu wana mwenendo mwema, wakaamka bila viti. Hawakushtakiwa kosa lolote. Waliondolewa kwa kuvunjiwa mahakama zenyewe.

Kisha Bunge likapiga pigo la pili. Likabadilisha ratiba ya Mahakama ya Juu hivi kwamba majaji wasingekutana tena hadi Februari 1803. Kwa miezi 14 mahakama ya juu ya taifa haikukaa. Marshall aliwaandikia wenzake kuuliza: je, tukatae kurudi kwenye farasi? Samuel Chase alitaka wakatae, lakini wengi waliona heri watii. Wakapanda farasi.

Februari 1803 ikafika. Majaji walikutana katika chumba cha kamati walichoazimwa ndani ya jengo la Bunge, maana katika mji huo mpya hakuna aliyekuwa amewajengea mahakama. Lee alipaswa kuthibitisha jambo moja dogo: kwamba hati ya Marbury iliwahi kuwapo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko inavyosikika. Seneti ilikataa kumpa kumbukumbu za uthibitisho. Makarani wa Wizara, Wagner na Daniel Brent, walipinga kuhojiwa hadi mahakama ilipoamuru waape. Brent akasema ana karibu hakika kwamba hati za Marbury na Hooe ziliandaliwa. Levi Lincoln, Mwanasheria Mkuu wa serikali, aliyeishika Wizara kwa muda kabla ya Madison, aliomba maswali kwa maandishi, akaomba na muda wa kufikiri. Aliporudi alikiri kuwa aliziona hati zilizojazwa. Zilikwenda wapi? Hilo hakulijibu. Ikasomwa pia taarifa ya kiapo ya James Marshall kuhusu zile alizorudisha.

Na muda wote huo, shahidi aliyejua kuliko wote alikuwa ameketi mbele yao. Mkono uliogonga muhuri, ofisi ambamo hati zilibaki, uzembe wa kutozituma: vyote vilikuwa vya John Marshall. Kwa kipimo cha leo jaji wa namna hiyo angejiondoa kwenye kesi. Yeye alibaki.

Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa mbili, zote za miiba. Akimwamuru Madison atoe hati, Jefferson angepuuza, na dunia nzima ingeona kwamba amri ya Mahakama ya Juu ni karatasi tupu. Akimkatalia Marbury, ingeonekana kwamba majaji wamemwogopa Rais, na hakuna raia ambaye angewaamini tena. Mahakama haina jeshi wala hazina. Ikishapuuzwa mara moja katika jambo kubwa, nani atakuja kuinyanyua?

Ugonjwa ukaingilia. Jaji Chase alikuwa na jongo, miguu ikamzuia kupanda hadi Bungeni. Majaji wakahamia Stelle's Hotel, jirani na hapo. Jaji Cushing alikuwa mgonjwa na hakuwapo kabisa. Jaji Moore hakushiriki. Wakabaki wanne: Marshall, Chase, Bushrod Washington, na William Paterson, yule ambaye Adams alikuwa amemkataa.

Tarehe 24 Februari 1803, katika ukumbi wa hoteli hiyo, Jaji Mkuu akaanza kusoma hukumu. Swali la kwanza: je, Marbury ana haki ya kuipata hati? Akajibu: anayo. Swali la pili: je, sheria za nchi zinampa nafuu mtu aliyenyimwa haki yake? Akajibu: zinampa, maana serikali isiyomlinda mwenye haki haistahili kuitwa serikali ya sheria.

Wafederali waliosikia hayo walikuwa na kila sababu ya kutabasamu. Lilibaki swali la tatu.

SEHEMU YA NNE
Kura 23

Swali la tatu lilikuwa hili: je, Mahakama ya Juu ndiyo inayoweza kumpa Marbury amri anayoiomba?

Marshall akajibu: haiwezi.

Sheria ya mwaka 1789, alisema, iliiruhusu Mahakama ya Juu kutoa amri ya namna hiyo kwa mtu aliyefika kwake moja kwa moja. Lakini Katiba imezitaja kesi zinazoweza kuanzia katika mahakama hiyo, zile za mabalozi na zile ambazo jimbo ni upande mmoja wa shauri, na kesi ya Marbury haimo. Bunge haliwezi kuongeza kwa sheria ya kawaida kile ambacho Katiba imekiwekea mpaka. Sheria ikigongana na Katiba, lazima moja ishinde. Na kazi ya kusema sheria ni nini ni ya majaji. Kwa hiyo kifungu hicho ni batili, na Marbury aondoke mikono mitupu.

Majaji wote wanne waliafikiana. Jefferson alishinda kesi, kwa hiyo hakuwa na amri ya kupuuza. Madison hakuwa na cha kutii wala cha kukaidi. Mahakama ilikuwa imejinyima uwezo mdogo wa kutoa amri moja, na katika kujinyima huko ikatangaza uwezo mkubwa kuliko wote: kusimama mbele ya sheria iliyopitishwa na Bunge na kusainiwa na Rais, na kusema hii haisimami.

Hapa ninataka kusema wazi ninachoamini. Adams hakuvunja sheria hata moja. Alikuwa Rais hadi saa ya mwisho na Katiba ilimruhusu kuteua. Lakini halali si lazima iwe haki, na mtu ambaye wananchi wamekwisha kumwambia basi, hafai kuijaza nyumba watu wake huku mlango ukigongwa. Jefferson naye alikuwa na kura za wananchi, lakini kura hazikumpa ruhusa ya kuwavunjia majaji viti vyao kwa kosa la kuteuliwa na adui yake. Kiti cha jaji kikishageuzwa silaha, kila upande utakitaka, na anayeumia ni raia anayepanda ngazi za mahakama akitafuta mtu asiyemjua wala asiyemdai. Aliyeliokoa jambo hili siku ile hakuwa mtu safi. Marshall alikuwa kada wa chama, shahidi wa kesi yake mwenyewe, na mwenye watumwa. Alilolifanya vema ni kujua mahakama yake ina uzito gani na kutoubebesha zaidi. Taasisi changa huishi kwa watu wanaojua kipi wasiamuru.

Kwamba mahakama ilijua mipaka yake, ilionekana siku sita baadaye. Tarehe 2 Machi 1803 mahakama hiyohiyo ilipoulizwa kuhusu kufutwa kwa mahakama za kanda, iliuacha uamuzi wa Bunge usimame. Wale 16 hawakurudi. Marbury hakuwa hakimu hadi kufa, na hati yake haikuonekana tena.

Msomaji angedhani vita vimekwisha. Vilikuwa vinahamia uwanja mwingine.

Mwezi Mei mwaka huohuo, Jaji Samuel Chase, yule mgonjwa wa jongo, aliketi Baltimore mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Alikuwa miongoni mwa waliotia saini Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, lililoandikwa na Jefferson, na hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alilaani waziwazi kuvunjwa kwa mahakama za kanda na kusema kwamba nchi inaelekea kwenye utawala wa ghasia. Habari zikamfikia Jefferson. Akamwandikia mbunge mmoja wa Maryland, akiuliza kama mashambulizi ya namna hiyo dhidi ya Katiba yaachwe bila adhabu.

Wabunge walikwisha kupata njia. Katiba inaruhusu Baraza la Wawakilishi kumshtaki jaji, na Seneti kumhukumu na kumng'oa. Walianza na John Pickering, jaji wa New Hampshire aliyekuwa amepotewa na akili na kuzama katika pombe. Tarehe 12 Machi 1804 Seneti ikamwondoa. Siku hiyohiyo, bila kungoja, Baraza likapiga kura kumshtaki Chase: 73 kwa 32. Njia iliyompata mgonjwa wa akili sasa ilielekezwa kwa jaji wa Mahakama ya Juu mwenye akili timamu. Kosa lake kubwa, kwa macho ya wengi, lilikuwa ulimi wake.

Kidonda cha usiku ule wa Machi kilikuwa bado kibichi. Juni 1804, alipokuwa akijibu rambirambi za Bi Abigail kwa kifo cha binti yake, Jefferson alimwandikia kwamba katika maisha yote ya Adams, ni tendo moja tu lililomuumiza yeye binafsi: zile teuzi za mwisho. Bi Abigail akamjibu kwamba Katiba ndiyo iliyompa mumewe mamlaka hayo.

Februari 1805 ukumbi wa Seneti ulipambwa kwa vitambaa vyekundu, kijani na samawati kama ukumbi wa kifalme. Mashtaka yalikuwa manane. Mwendesha mashtaka alikuwa John Randolph wa Virginia, mtu mwenye sauti nyembamba na maneno makali. Aliyeongoza kikao kwa cheo cha Makamu wa Rais alikuwa Aaron Burr, ambaye Julai iliyotangulia alikuwa amempiga risasi na kumuua mpinzani wake wa kisiasa, Alexander Hamilton, na alikuwa akitafutwa na sheria New Jersey kwa kosa la kuua.

Marshall aliitwa kutoa ushahidi. Waliokuwapo walisema alijibu kwa woga, akipima kila neno. Alikuwa na sababu. Chase akianguka kwa maneno aliyoyasema akiwa jaji, basi kila jaji Mfederali alikuwa kwenye foleni, na aliyetangaza kwamba sheria ya Bunge inaweza kuwa batili hangekaa mbali na mwanzo wa foleni hiyo. Hukumu ya Stelle's Hotel ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Haikuwa na mtetezi mwingine ila kuendelea kuwapo kwa wale walioitoa.

Tarehe 1 Machi 1805 maseneta wote 34 walihudhuria. Uriah Tracy wa Connecticut, aliyekuwa mgonjwa, alibebwa hadi ndani. Ili kumng'oa Chase kulihitajika kura 23. Wafederali walikuwa tisa. Warepublikani, chama cha Rais, walikuwa 25.

Hesabu ilikuwa imetimia na mbili zimebaki. Burr akaagiza shtaka la kwanza lisomwe, kisha akaanza kumuuliza kila seneta kwa jina: Jaji Samuel Chase ana hatia, au hana?

ITAENDELEA WIKI IJAYO